Kilo Sita

Ilianzia Kuywa, tukiteremka kuelekea darajani,
mshale ukigusa hamsini na tano:
usukani ukanishika mikono
badala ya mimi kuushika.
Kushoto, kulia, kushoto, Landrova nzima ikitetema
kama mgonjwa aliyezidiwa na homa,
na magunia ya vitunguu yananisukuma kutoka nyuma.
Nikaachia mafuta. Ikatulia.
Ikajifanya haikusema kitu.

Tena kulikuwa na sauti, chini, upande wa abiria:
ko... kimya... ko, ko.
Nikazifunga pamoja. Ugonjwa mmoja, nikasema.

Bungoma mjini waliniuzia tairi mbili.
Fundi wa pili, nyuma ya stendi,
akaniuzia shokamzoba ya usukani,
mpya, ya manjano, inang'aa kama ndizi mbivu.
Wiki tatu niliendesha kwa mkono mmoja.
Ya nne, ugonjwa ukarudi na nduguze.

"Ulimziba mgonjwa mdomo," Wekulo akaniambia,
"ukadhani amepona."

Karakana yake, pale Kimilili, ni mabati sita na shimo.
Hakufungua boneti. Aliuliza:
inaanza kwa mwendo gani?
Ukigusa breki, inazidi au inakoma?
Inaanza yenyewe, au mpaka ukanyage shimo kwanza?
Miaka kumi na moja naendesha gari hili,
nikajibu nusu ya maswali.

Akalala chali, akajivuta chini ya ekseli.
"Nasambu, tikisa usukani. Usizungushe. Tikisa tu."
Injini imezimwa. Natikisa, na yeye huko chini
anapapasa kiungo baada ya kiungo,
kiganja juu ya chuma, macho kayafumba,
maana, anasema, jicho huona kutu
na kutu si kosa.
"Hiki kizima. Hiki kizima.
Hiki kimezeeka, ila hakijaanza uongo."

Ndiwa, mwanafunzi wake, akapiga jeki,
akalishika gurudumu saa sita na saa kumi na mbili,
akasukuma huku, akavuta kule.
Tk.
Unene wa ukucha. Tk.
"Kanyaga breki," Wekulo akasema.
Nikakanyaga. Ndiwa akavuta.
Tk.
"Basi si beringi. Ni kingpini."

Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu
magunia nitakayouza kwa hasara.
Akafungua boliti nne, akainua kifuniko,
na chini yake palikuwa na visahani vya bati,
vyembamba kama ganda la kitunguu.
Akatoa kimoja. Hakutia kitu.
Akafunga.

"Sasa nipe mizani yako."

Ile ya springi, yenye ndoano,
ninayoining'iniza Chwele kila Jumatatu
wanunuzi wakiapa kwamba inadanganya.
Akaikwamisha kwenye mkono wa usukani,
akavuta polepole, kama anayemwamsha mtoto.
Kilo nne. Akakunja uso.
Akatoa ganda jingine, akavuta tena.
Kilo sita.
"Hapo," akasema. Kisha upande wa pili, vivyo hivyo,
mpaka kivuli cha mabati kikatufikia miguuni.

Na ile ko?
"Hiyo ni kesi nyingine. Bushi ya springi imekwisha.
Hiyo haiui mtu. Njoo mwezi ujao, uje na pesa."
Malipo ya siku alitaka nusu taslimu, nusu vitunguu,
vile vyekundu, si vya kuvimba maji.
Akavipima mwenyewe, kwa mizani yangu.

Jioni nikashuka tena Kuywa.
Hamsini. Hamsini na tano. Mikono imekaza,
inasubiri kushikwa.
Sitini. Daraja likapita chini yangu
na usukani umekaa tu, kama kitu cha nyumbani.

Ndipo nikaisikia, peke yake, safi,
upande wa abiria:
ko... kimya... ko, ko.
Nikaiitikia kwa jina lake.